Ruzuku ya Saratani na Nauli ya Mgonjwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenipa heshima ya kusema juu ya maombi ya ruzuku ambayo chama chetu chakusudia kuyapeleka kwa wafadhili, ili zipatikane fedha za kuzuia na kuuguza saratani huko kwetu Bomet. Neno lenyewe ni zito. Sidhani kama yumo humu mtu ambaye hajatoa mchango kwa ajili ya mgonjwa wa saratani, na baada ya miezi michache akatoa mwingine kwa maziko ya mgonjwa yule yule.

Wako wanachama wanaotaka tuombe fedha za jengo, nao wengine wataka mashine. Sikatai kwamba ni vitu vizuri, na jina la chama lingependeza mlangoni. Lakini mimi nashauri tuombe nauli. Nawaona wazee wawili wakitabasamu; naomba wanisikilize.

Tutazame saratani ya mlango wa kizazi. Karibu kila mara huletwa na virusi viitwavyo HPV, nayo huchukua miaka mingi kabla ya kukomaa. Katika miaka hiyo muuguzi katika zahanati aweza kupaka siki hafifu, akangoja kama dakika moja, na kuona kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Sehemu hiyo, ikiwa bado haijawa saratani, mara nyingi yaweza kutibiwa siku ile ile kwa baridi kali au kwa joto. Tena tangu mwaka 2019 serikali yatoa bure chanjo ya HPV kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10. Dawa ya kuzuia basi ipo, na siki si kitu cha kuagizwa kutoka Ulaya. Mbona mama zetu wafika hospitali wakiwa wamechelewa?

Njia hukatika baada ya kipimo cha kwanza. Siku ya kupimwa wanawake huja wengi, hasa ikiwa ni siku ya soko. Yule aliyeonekana na dalili mbaya huambiwa aende hospitali kubwa akakatwe kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Kisha huambiwa arudi kuchukua majibu. Akirudi, aambiwa aende mbali zaidi. Kila safari ni nauli, ni siku moja ya kuchuma chai iliyopotea, na ni watoto walioachwa kwa jirani. Safari ya pili huikopa. Ya tatu haendi, wala hapana mtu anayemwuliza kwa nini.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha tatu za kufikiwa ifikapo mwaka 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika 100 wawe wamepimwa, na wagonjwa 90 katika 100 wapate matibabu. Wafadhili wengi huipenda ile ya pili, maana hesabu yake huandikika upesi na picha zake ni nzuri. Mwanamke aliyepimwa kisha akaachwa hana faida ya picha ile.

Wala si jambo geni kwa ruzuku kutumika barabarani. Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt na wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri kama maili 10,000 mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika hospitali za mashambani juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Walikuwa na ruzuku ndogo tu. Safari hiyo ilisaidia kuonyesha ni nchi zipi zenye ugonjwa ule, ambao leo wajulikana kwa jina lake, na ambao watoto wengi hupona wakifikishwa kwenye dawa mapema.

Kwetu liko pia janga la saratani ya umio. Hospitali ya Tenwek imewatilia wagonjwa wengi mrija wa madini ili waweze kumeza tena. Lakini mrija huo humpa mtu nafasi ya kula, haumwondolei ugonjwa. Uchunguzi uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanywao vinywaji vya moto mno wana hatari zaidi. Sitaki kugombana na wazee juu ya chai. Ipoe kidogo tu.

Mtasema kwamba sasa iko bima. Ni kweli, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Lakini matibabu ya mionzi aghalabu huwa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na mgonjwa wa mbali hana budi kulala mahali na kula. Bima hailipi kitanda cha nyumba ya kupanga.

Swali la haki ambalo Bwana Mweka Hazina ameniuliza ni hili: nauli italindwaje isiliwe? Nashauri fedha zisitolewe mkononi barazani. Muuguzi athibitishe miadi, fedha ya kwenda ipelekwe kwa simu ya mgonjwa, na ya kurudi ilipwe akiisha kufika kliniki. Tuwe na daftari moja la majina na tarehe za kurudi, na asiyefika atafutwe nyumbani kabla ya juma kwisha na mhudumu wa afya wa kijiji. Daftari hilo lifungiwe. Ugonjwa wa mke wa mtu haufai kusomwa katika kumbukumbu za mkutano, hata kwa nia njema.

Tena ruzuku huwa na mwisho. Kwa hiyo katika maombi tuandike kwamba chama kitatenga sehemu ya ada zake tangu mwaka wa kwanza, ingawa ni kidogo, ili wafadhili wakiondoka daftari lisifungwe siku hiyo hiyo.

Rasimu ya maombi iko mezani kwa Bwana Katibu, na kila mwanachama aweza kuisoma kabla ya kura. Mahali pamoja pameachwa wazi, nalo ni jina la mtunza daftari. Nashauri awe mwanamke, naye achaguliwe na wanawake wenyewe.