Rota Ukutani

Kama nyumbani mna nesi, mwite asogee redioni, maana leo tunazungumzia karatasi moja tu: rota.

Kuanzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Upper Hill hadi vituo vya afya vya Kangemi na Riruta, rota ndiyo humwambia muuguzi lini atalala kwake na lini atakesha. Na rota huandikwa na inchaji, yaani muuguzi anayesimamia wadi.

Katika wadi moja ya jiji hili niliwahi kuwa chini ya mainchaji wawili. Wa kwanza alibandika rota Jumapili jioni, akaenda zake. Ukiuliza mbona usiku tena, utaulizwa kama umechoka na kazi. Aliyekosea alikaripiwa mbele ya wagonjwa, basi tukajifunza kunyamaza. Dawa ikichelewa, hakuna aliyeona. Mwanangu alifikisha miezi tisa, akapitwa na siku yake ya chanjo ya surua, mimi mama yake nikiwa zamu nahudumia watoto wa wenzangu.

Inchaji yule wa kwanza hakuwa mtu mbaya, nasema kwa dhati. Alipandishwa cheo kwa sababu alikuwa nesi hodari. Kuongoza watu hakuna aliyewahi kumfundisha.

Wa pili alikuja na daftari. Wiki mbili kabla ya rota aliliweka mezani, kila mtu aandike siku anayoihitaji. Si wote tuliopata, ila aliyekosa alielezwa sababu. Wadi ikifurika, wagonjwa wawili kitanda kimoja, alivaa glavu akaingia kazini pamoja nasi. Mshahara ulikuwa ule ule, na sisi tulikuwa wachache vile vile, lakini makosa yakaanza kusemwa mapema, yakarekebishwa.

Heshima hailipi kodi ya nyumba, najua. Mgomo wa wauguzi hapa Kenya ulioanza Juni 2017 ukaisha Novemba ulidai mkataba wa malipo, na ulikuwa na haki. Lakini huko Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 1983 uliangalia hospitali 41 zilizobaki na wauguzi wao wakati kwingine walikuwa wakihama. Zilikuwa na viongozi wanaoonekana wadini, wanaosikiliza, na wauguzi walikuwa na kauli katika kazi yao.

Inchaji unayenisikiliza, daftari haliombewi bajeti. Katika lile letu, ukurasa wa kwanza, niliandika: “Jumatano asubuhi, kliniki ya mtoto.” Nilipewa. Jioni yake nikaingia zamu ya usiku bila kusukumwa.