Ukame wa Panama, Mafuriko ya Garissa



Wanafunzi huniuliza wafanyeje ili waijue jiografia ya dunia. Wengi wao wamekwisha kukariri miji mikuu, na bado dunia imebaki ngeni kwao. Naamini jina la mahali hukaa kichwani likishikwa na sababu. Chagueni tukio moja, fungueni atlasi, mlifuate hadi linakoishia. Leo naomba tulifuate moja pamoja.

Mwaka 2023 Mfereji wa Panama ulipungukiwa maji. Mfereji unaounganisha bahari mbili utakosaje maji? Ule wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, umepita nchi tambarare, na maji ya bahari yanaingia humo yenyewe. Panama ina vilima. Wajenzi waliuziba Mto Chagres kwa bwawa, likatokea Ziwa Gatun. Tangu mwaka 1914 meli hupandishwa mita 26 hadi ziwani kwa vyumba vya maji vyenye malango makubwa, kisha huteremshwa upande wa pili. Kila meli ipitapo, karibu lita milioni 200 za maji yasiyo na chumvi humwagikia baharini. Ni maji ya mvua hayo, na ziwa hilohilo huwanywesha pia wakazi wa Jiji la Panama. Mvua ilipoadimika, meli zilizoruhusiwa kupita kwa siku zilipunguzwa kutoka takriban 36 hadi 24.

Kwa nini iliadimika? Hapo tugeuze kurasa hadi Pasifiki. Kwa kawaida pepo za biashara huyasukuma maji ya joto kuelekea Indonesia. Zikilegea, joto hilo husogea mashariki, na mvua nayo huhama. Ndiyo El Niño. Mwaka huohuo upande wetu wa Bahari ya Hindi, wa Afrika Mashariki, ulipata joto kupita kiasi, wa Indonesia ukapoa. Vuli ikatushukia kwa nguvu: Mto Tana nchini Kenya ukafurika, barabara ya Garissa ikakatika, na Somalia watu wengi mno wakayahama makazi yao. Mtoto wa Garissa aliyeyaona maji yale ana haki ya kuoneshwa ukurasa wa Pasifiki na ule wa Bahari ya Hindi. Tukimnyima, tunamwacha adhani msiba wake hauna maelezo.

Novemba mwaka huo Wahouthi wa Yemen nao walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, ambayo lango lake la kusini, Bab el Mandeb, lina upana wa kilomita 30 hivi. Meli nyingi zikaacha njia ya Suez, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mifereji yote miwili ikawa na shida kwa wakati mmoja, mmoja kwa ukame, mwingine kwa vita.

Mkirudi nyumbani, msiangalie ramani kwanza. Ichoreni kwa kumbukumbu, kisha muilinganishe na atlasi. Mlipokosea ndipo pa kuanzia kusoma. Anzeni na Panama. Wengi mtauchora mfereji ukitoka Atlantiki mashariki kwenda Pasifiki magharibi. Atlasi itawaonesha kwamba lango la Pasifiki liko kusini-mashariki ya lile la Atlantiki, kwa kuwa nchi pale imejipinda kama herufi S iliyolazwa.