Simu Ikukumbushe Dawa ya Moyo

Wengi huacha dawa za presha au za moyo wakishapata nafuu. Hapo ndipo hatari ilipo: presha hupanda bila kuuma, na kiharusi hakipigi hodi.

Simu yaweza kusaidia. Hapa Kenya, wagonjwa wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi walitumiwa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Wakajibu "Sawa" au "Shida". Matokeo ya mwaka wa 2010 yalionyesha asilimia 62 yao walimeza dawa ipasavyo. Kwa wasiotumiwa ujumbe, asilimia 50.

Basi kabla hujaondoka hapa, weka kengele ya simu saa ya dawa. Hujui? Mwombe kijana akuwekee. Ikilia, meza kwanza, ndipo uizime.