Dawa Inayoamshwa na Ini

Wazee wetu, kina mama na ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, nianze na muhogo mchungu. Aliyekulia huku hahitaji profesa amwambie kwamba muhogo huo humenywa, huloweshwa, kisha huanikwa mpaka uwe makopa. Ila wachache tumeelezwa kwamba ukiwa ardhini, haujaguswa, hauna sayanidi ya kutisha. Una linamarini na una kimeng'enya, kila kimoja katika chumba chake. Meno au kisu vikivunja kuta, viwili hivyo hukutana na sumu huzaliwa. Anayelowesha muhogo huiacha sumu izaliwe nje ya tumbo lake, iondoke na maji na hewa.

Dawa ya saratani ninayoizungumzia leo, saiklofosfamaidi, ni ndugu wa muhogo huo. Kwenye kichupa ni unga mweupe. Hata ikiingia mshipani, bado haiui seli ya saratani. Norbert Brock na wenzake wa kampuni ya Asta-Werke, Ujerumani, walioitangaza mwaka 1958, walitumaini kwamba uvimbe wenyewe ungeifungua. Kumbe mfunguaji ni ini. Kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6, kikisaidiwa na jamaa zake, huipachika oksijeni, basi. Baada ya hapo dawa husafiri na damu na kuvunjika yenyewe. Kipande kimoja hufunga nyuzi za DNA ya seli isiweze kugawanyika. Kingine, akroleini, huunguza kibofu, na ndiyo maana wauguzi husisitiza mgonjwa anywe maji mengi. Kwenye uboho, seli mama za damu zina kimeng'enya chao cha kuizima dawa kabla haijavunjika. Heri hiyo Brock hakuipanga.

Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa walioifaidi mapema. Kampala, miaka ya 1960, Denis Burkitt aliwapa dawa hii watoto wenye uvimbe wa taya unaobeba jina lake. Uvimbe ulinywea kwa siku chache, na baadhi yao walipona kabisa.

Lakini ini halina macho: linaloamsha dawa huamsha na sumu. Nachingwea inajulikana duniani kwa karanga, tangu mradi mkubwa wa Waingereza uliozinduliwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Karanga zikiwekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Nayo hufika tumboni ikiwa imelala. Vimeng'enya vya ukoo uleule wa CYP huiamsha, kisha sumu hiyo hujibandika kwenye DNA ya ini lililoiamsha. Miaka ikipita inaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B.

Na maini yetu hayafanyi kazi kwa kasi moja. Aina ya CYP2B6 iliyo nzito kufanya kazi imeenea Afrika. Tuliijua vizuri kupitia efavirenzi, dawa ya VVU. Baadhi ya mitishamba nayo huvichochea vimeng'enya hivi, mingine huvizuia.

Ndiyo sababu huniuma mgonjwa anapotoka Ruangwa hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na chupa ya mizizi mkobani, akaificha kwa kuogopa kukaripiwa. Mama, baba, itoe uiweke mezani. Hatukugombezi. Tunataka kujua ini lako limepewa kazi gani nyingine wiki hii, kabla hatujafungua dripu.