Digrii ya fizikia: piga hesabu kabla ya kupiga makofi

Jukwaani utasikia, "Vijana wasome sayansi, kazi ziko." Sawa. Lakini hebu tupige hesabu.

Digrii ya fizikia ni miaka 4. Weka karo, kodi ya chumba, chakula, na pesa ambayo ungepata ukifanya kazi miaka hiyo. Ongeza mkopo wa HELB, riba asilimia 4 kwa mwaka.

Ukimaliza, kufundisha huanzi tu hivyo. TSC inataka pia diploma ya ualimu: muda mwingine, karo nyingine. Aliyesomea ualimu wa fizikia tangu mwanzo hana mzigo huo.

Sisemi fizikia haifai. Walimu wake hata hawatoshi. Nasema mwanasiasa akija, muulize: hizo kazi ziko wapi, na mshahara ni ngapi?