Vitabu Viwe Mali ya Kikundi

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kisumu

 

Sisi watu wa hapa tunajua kufanya harambee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wazazi wetu walichanga, na Chuo cha Ramogi, yaani RIAT, kikajengwa hapa Kisumu. Mpaka leo, mtoto akipata barua ya kwenda Maseno, Bondo au chuo cha uuguzi, tunakaa chini ya mti, tunachanga karo na nauli, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Lakini kuna jambo moja tunalisahau: vitabu.

Mtoto akifika chuoni hupewa orodha ndefu. Vitabu vingi vya masomo ya juu hutoka ng'ambo, na bei yake ni ya huko. Tena mwaka 2013 Serikali iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu. Mkopo wa HELB, ile bodi iliyoundwa mwaka 1995, unaweza kusaidia, lakini mwanafunzi mwenye njaa atanunua unga kwanza. Basi anaazima kitabu usiku wa kuamkia mtihani, au hasomi kabisa. Akianguka, harambee yetu yote imeanguka naye.

Sasa mtaniuliza, tufanye nini? Nasema hivi: vitabu viwe mali ya kikundi, kama vile mashua inavyoweza kuwa ya kikundi. Hebu tupige hesabu. Tuseme kitabu ni shilingi 2,000, na kijijini kuna wanafunzi watano wanaokihitaji, wengine mwaka huu, wengine miaka ijayo. Kila mzazi akinunua chake, ni shilingi 10,000. Kikundi kikinunua viwili vya kupokezana, ni 4,000. Zile 6,000 zinabaki kwa karo.

Kabla ya kununua, fuateni hatua hizi.

Kwanza, mwanafunzi amwulize mwalimu wake ni kitabu gani cha lazima. Si vyote vilivyo kwenye orodha vinavyotumika.

Pili, atazame maktaba ya chuo, kisha maktaba ya umma ya Kisumu. Kinachopatikana huko, msikinunue.

Tatu, ulizeni toleo la zamani au kitabu kilichotumika. Hesabu na fizikia za mwaka wa kwanza hazibadiliki sana. Lakini mambo ya kodi, sheria na dawa hubadilika, kwa hiyo hapo mwalimu aulizwe kwanza.

Nne, kuna vitabu vya bure. Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, kupitia mradi wake wa OpenStax, kilianza mwaka 2012 kutoa vitabu vya chuo kwenye intaneti: biolojia, kemia, takwimu, uhasibu na vinginevyo. Vinasomwa hata kwa simu. Kijana mmoja avichukue mjini, awagawie wenzake. Leseni yake inaruhusu, mradi wenye kazi watajwe na msivifanye biashara.

Tano, jihadharini na fotokopi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki, kama mtu kunakili kurasa kadhaa za kujisomea. Kunakili kitabu kizima na kukiuza ni wizi wa jasho la mwandishi, na baadhi ya waandishi hao ni watoto wetu wenyewe.

Wengine watasema, "Watoto hawatarudisha." Ndiyo maana lazima kuwe na utaratibu. Pigeni muhuri wa kikundi kwenye kila kitabu. Katibu awe na daftari: jina, tarehe, sahihi ya mwanafunzi na ya mzazi. Kitabu kirudi mwisho wa muhula. Anayekipoteza alipe. Sanduku liwe na kufuli na likae mahali pakavu, maana mchwa hawajui digrii.

Na mama mjane ambaye hana mtoto chuoni, achangie kwa sababu gani? Karo ya mtoto wa jirani ikishalipwa, imekwenda. Lakini kitabu kinarudi. Siku mjukuu wake atakapoitwa chuoni, atakikuta kwenye sanduku kikimngojea, hata kama siku hiyo mama huyo hana shilingi. Akina mama wa nyoluoro mnalifahamu jambo hili kuliko mimi: leo kwangu, kesho kwako. Hata kanisa la kwanza, tunasoma katika Matendo ya Mitume, lilikuwa na mali ya shirika ili asiwepo mhitaji.

Kwa hiyo, katika mkutano wenu ujao andikeni majina ya vijana wote walio chuoni na masomo wanayosoma. Ulizeni waliomaliza wana vitabu gani vinavyolala chini ya kitanda. Sanduku lenu lianze na hivyo, kabla hamjatoa hata senti moja.