Mtoto Mkaidi na Haja Yake: Mazungumzo kwa Wazazi wa Nyamarambe

Hamjambo akina mama, hamjambo akina baba (tumewahesabu, mko watano, na tunawashukuru), na magokoro wote mlioketi kule mbele. Tuliombwa tuzungumze leo juu ya kumzoesha mtoto mdogo kwenda haja mahali panapofaa. Jambo lenyewe lilipotangazwa watu walicheka. Chekeni tu, lakini hakuna nyumba hapa Nyamarambe ambayo haijafua nepi, na wazazi wengi wamepigana vita hivi wakashindwa.

Sisi wawili, mume na mke, tulishindwa. Ndiyo maana tulikubali kuja kusema.

Tuna watoto wanne. Watatu wa kwanza hatukumbuki kuwafundisha choo hata siku moja. Walifuatana kwa karibu, na siku hizo kulikuwa na omoreri nyumbani, binti wa ndugu, aliyembeba mdogo mgongoni tangu asubuhi. Mtoto alimfuata mkubwa wake nyuma ya nyumba, akachuchumaa pale mwenzake alipochuchumaa, mambo yakaisha. Akichafua karibu na mlango, jembe lilichukuliwa na uchafu ukatupwa migombani. Tulidhani hiyo ndiyo kazi yote.

Wa nne alizaliwa miaka saba baadaye. Wakubwa wako shuleni kutwa nzima, na omoreri hayuko tena, maana mabinti nao wako shuleni, na ni vizuri wawe huko. Mama anauza ndizi sokoni, baba ni fundi wa mbao. Mtoto huyu alikuwa na kichwa chake tangu mwanzo. Ukimletea uji kwa kikombe chekundu anataka cha kijani. Ukisema twende, anaketi. Alipofika miaka miwili na miezi minne, jirani akatuambia kwamba wake aliacha nepi akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tuliona aibu, na kwa sababu ya aibu hiyo tukaanza makosa.

Tulichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ule tunaouita kasuku, tukamkalisha. Akakataa. Tukamshika mabega. Akalia nusu saa nzima bila kutoa kitu, tukamwachilia, na kabla hajafika mlangoni akamaliza yote pale pale mbele ya wageni. Mmoja wetu, hatutasema ni nani ila ana ndevu, akachukua fimbo. Wala haikuwa siku hiyo peke yake. Wiki ile fimbo ilichukuliwa mara tatu.

Basi mtoto naye akapata jibu lake. Akaacha kabisa kwenda haja kubwa.

Hapa ndipo tunataka msikilize. Mtoto akikataa kuoga unaweza kumbeba ukamwogesha. Akikataa kuvaa sweta utamvalisha. Lakini haja ni yake. Hakuna mzazi awezaye kuitoa kwa mkono wake, hata awe mkali namna gani. Mtoto mkaidi hugundua jambo hilo upesi kuliko sisi, na ukimfanyia vita hapo atashinda, halafu ushindi wenyewe utamwumiza yeye.

Siku ya tatu tulimkuta nyuma ya ghala amekaza miguu, ameng'ang'ania nguzo, jasho linamtoka. Tukadhani anasukuma, kumbe anazuia. Siku ya sita nguo zake zikaanza kuchafuka kidogo kidogo kwa maji maji yenye harufu mbaya. Tukasema, haya sasa, ni kuhara! Tukamnyima matunda. Tumbo likawa gumu, chakula hataki, usiku analia. Tukambeba mpaka zahanati.

Muuguzi alimlaza, akabonyeza tumbo polepole, akatuambia: huyu haharishi, huyu amefunga choo. Kisha akatueleza, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa. Kinyesi kikikaa tumboni, utumbo unaendelea kunyonya maji yake. Kinakuwa kigumu na kikubwa. Siku kikitoka kinauma, pengine kinachana ngozi kidogo, na damu mbichi huonekana. Mtoto akikumbuka yale maumivu anazuia tena, na kinazidi kuwa kigumu. Huko nyuma kinyesi chepesi kinapenya pembeni ya kile kigumu na kuvuja bila mtoto kujua. Ndiyo yale maji maji tuliyoyaita kuhara, na ambayo mtoto alitaka kuchapwa tena kwa ajili yake. Tulisikia vibaya sana pale. Alikuwa hawezi kuyazuia hata kama angetaka.

Tulipewa dawa ya kulainisha, na tukaonywa tusiikatize kwa sababu tu ametoka mara moja, maana utumbo uliotanuka huchukua wiki nyingi kurudi hali yake. Chakula nacho kilitajwa, na chote kiko mashambani mwetu: paipai, ndizi mbivu, maharagwe, chinsaga na managu, uji wa wimbi, na maji ya kunywa ya kutosha. Tukaambiwa pia dalili ambazo hazingoji kesho: mtoto anayetapika huku tumbo limevimba na hatoi choo, mwenye homa pamoja na hayo, au anayetokwa na damu nyingi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu muuguzi akatuambia jambo lililomkasirisha mmoja wetu. Rudisheni nepi, akasema, na kwa wiki mbili msitaje choo mbele ya mtoto huyu hata kidogo. Tulidhani anatuambia tushindwe. Lakini tulifanya hivyo.

Wakati huo ndipo magokoro wa nyumba yetu alipokuja kukaa nasi. Hakuuliza mtu. Asubuhi baada ya uji alienda nyuma ya nyumba, akaketi chini, akanyosha miguu, akamketisha mtoto juu ya miguu yake karibu na vifundo, wakiangaliana uso kwa uso, naye akawa anamsimulia habari za kuku. Mkebe uko chini kati ya miguu. Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu kikatoka. Bibi hakupiga makofi, alisema tu, "Haya, tumemaliza," wakaenda kuumwaga chooni pamoja.

Kuna mambo matatu bibi aliyajua bila kusomea. Tumbo la mtu huamka baada ya kula, kwa hiyo dakika tano baada ya uji zina faida kuliko nusu saa ya saa tano. Pili, mtoto aliyeketi imara, miguu yake ikiwa imepata mahali pa kukanyaga, husukuma vizuri. Yule anayening'inia juu ya mkebe mrefu wenye ukingo unaokata mapaja hawezi. (Mkiutumia mkebe, ukingo wake muuviringishie kitambaa, na chini mtie jivu kidogo ili usishikane na uchafu.) Na la tatu, bibi hakuwa na haraka.

Hili la makofi linatuhusu sisi Abagusii. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Robert LeVine, aliyekaa Gusii tangu miaka ya 1950, akarudi miaka ya 1970, na mwaka 1994 yeye na wenzake wakatoa kitabu juu ya malezi yetu. Waliona kwamba mama wa hapa hana desturi ya kumsifu mtoto usoni, kwa kuhofia ataota kiburi. Ni kweli, si mnajua? Sasa siku hizi mnasikia mpigieni mtoto makofi, mpeni peremende kila akitoa haja. Anayependa afanye. Lakini mtoto mkaidi akiona mnashangilia sana anafahamu kwamba hapo ndipo penye bei yenu, na kesho atawapandishia. Wetu alitosheka na "haya, tumemaliza".

Mtatuuliza umri. Hapo watu hugombana bure. Wenzetu Wadigo wa Kwale, kule pwani ya kusini, walichunguzwa na watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, na habari zao zikachapishwa mwaka 1977. Mama Mdigo alianza wiki za kwanza baada ya kuzaa. Alimshika mtoto katikati ya miguu yake, akamtolea sauti, akafanya hivyo mchana na usiku, na mtoto wa miezi mitano au sita alikuwa mkavu. Kwa upole, bila adhabu. Huko Marekani, daktari Brazelton aliandika mwaka 1962 juu ya watoto 1,170 ambao wazazi waliwangoja mpaka waonyeshe wako tayari, na kwa wastani walikuwa wakavu mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Mnaona tofauti ilivyo kubwa! Wote wawili walifaulu. Mama Mdigo alikuwa na mtoto mwilini mwake siku nzima na mikono ya jamaa kumsaidia. Mama anayeshinda sokoni hana hiyo, basi na angoje dalili: mtoto anakaa kama saa mbili bila kukojoa, anajificha akitaka kwenda, anaweza kuvua suruali, anaelewa ukimwambia lete kile. Wetu hakuwa na dalili hata mbili tulipoanza. Tuliongozwa na maneno ya jirani.

Baadaye alitaka kwenda choo cha wakubwa, lakini akifika mlangoni anarudi. Tukamwita mkaidi tena, mpaka mmoja wetu alipochuchumaa chini usawa wa macho yake na kuangalia ndani. Jamani! Ni giza, kuna nzi, na lile tundu ni pana kama nusu ya mtoto mwenyewe. Sisi pia tungekimbia. Baba akapiga ubao wenye tundu la sentimita 15, na sehemu mbili za kukanyaga zilizokaribiana. Unawekwa juu ya tundu kubwa, mtoto akimaliza unatolewa na kuoshwa. Mlango ukaachwa wazi na mtu akasimama nje. Ilichukua kama wiki tatu.

Sasa tuje kwa jambo ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tukubali kusema mbele ya watu. Ule uchafu wa migombani. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kinyesi cha mtoto si kitu, maana ananyonya tu. Ukweli ni kwamba kina vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na minyoo mara nyingi huwa mingi zaidi kwa watoto. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni yakikaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli kwa wiki chache yanakuwa tayari kumwingia mtu, na yanaweza kuishi humo miezi mingi, hata miaka. Migombani petu ni unyevu na kivuli mwaka mzima. Watoto hao hao ndio wanaocheza hapo. Halafu mvua za kwetu mnazijua: zinaosha mlima wote mpaka chemchemini, na kutoka chemchemi maji huingia vijito, yakaenda mto Gucha mpaka Ziwa Viktoria.

Tangu mwaka 2007 mbinu ya vijiji kujikagua vyenyewe habari za choo ilipofika Kenya kutoka Bangladesh, kanuni ni kwamba kijiji hakiitwi safi mpaka kinyesi cha mtoto nacho kiwe kinaingia chooni. Kila boma likiwa na choo lakini mkebe ukimwagwa nyuma ya ghala, bado. Kwa hiyo mkebe umwagwe shimoni, maji ya kusuuzia yamwagwe shimoni, nepi isuuzwe mbali na chemchemi, mikono ioshwe kwa sabuni, ya mzazi na ya mtoto. Pampasi ni habari nyingine. Wanaonunua moja moja madukani hatuwalaumu, siku ya safari hata sisi tulizitumia. Lakini haziozi, zikitupwa chooni zinajaza shimo kabla ya wakati wake, na mbwa wakizikuta nje wanazitawanya njiani. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, na pampasi yenyewe ichomwe au izikwe mbali na maji. Dawa ya minyoo nayo msiiache, hutolewa kwa watoto mara mbili kwa mwaka kuanzia umri wa mwaka mmoja.

Kuna mama alituuliza kabla hatujaanza: wake ana miaka minne, mchana ni msafi, usiku anakojoa kitandani, amchape? Mama, hapana. Mkojo wa usiku hautokani na ukaidi, mtoto amelala. Watoto wengi wa miaka mitano bado hukojoa usiku, na wengi wao huacha wenyewe. Mpeleke akojoe kabla ya kulala, weka nailoni chini ya shuka, na ndugu zake wakatazwe kumcheka. Ila akiwa alikuwa mkavu miezi mingi halafu akaanza tena ghafla, au anasikia uchungu akikojoa, au ana kiu isiyo ya kawaida, huyo apimwe.

Ubao wenyewe tumekuja nao, uko pale mlangoni, mwushike muuone. Mabaki ya mbao za dari yanatosha. Atakayeleta vipande viwili vya urefu wa mkono mmoja, misumari tunayo, atakatiwa tundu bila malipo. Na wale akina baba watano wasitoroke kwanza, kuna kazi ya kupiga randa.